Hela ya korosho ya mama: mjomba anataka laptopu, binamu anataka niunge kompyuta

Shangazi shikamoo.

Mi ni binti wa miaka 25, niko Masasi maeneo ya Mkuti. Naomba jina langu lisitoke kwa sababu bosi wangu anasoma safu hii, tena yeye ndo alinionyesha.

Kazi yangu ni kuediti video kwenye studio moja hapa mjini, harusi, mahafali, kumbukumbu za marehemu, na mwisho wa mwaka watoto wakitoka jandoni ndo tunakesha kabisa. Sina mshahara, nalipwa kwa kazi, video ikiisha napewa changu isipoisha hamna kitu. Mwaka wa pili huu. Mashine ni ya bosi, ikigoma au umeme ukikatika katikati ya kurenda (mashine ikiwa inatoa video iliyokamilika) mi ndo naonekana mvivu.

Sasa msimu huu mama alipolipwa korosho zake pale chama cha msingi akaniita chumbani akafunga mlango, akanihesabia milioni moja na laki tatu, akasema nunua hiyo kompyuta yako uache kukesha kwenye mashine za watu. Shangazi nililia. Mama mgongo unamsumbua, kuokota korosho anaokota kakaa chini anajisogeza, najua ile hela imetokaje.

Balaa limeanzia hapo. Mjomba kasikia, na huku kwetu unajua mjomba akishasema jambo ndo limesemwa. Yeye ana mtu wake Mtwara mjini anauza laptopu, Core i5 (hiyo ndo prosesa, ubongo wa mashine), RAM 8 (memori ya kufanyia kazi), laki nane na nusu, anasema imetoka ofisini Ulaya na inawaka vizuri, kwa hiyo nichukue hiyo na hela inayobaki irudi shambani kununua dawa ya mikorosho na kulipa watu wa kupalilia. Mama kanyamaza, hajasema ndiyo wala hapana.

Upande wa pili kuna binamu yangu yuko Dar, mtoto wa mama mkubwa, anajua mambo ya kompyuta maana anacheza sana magemu. Anasema laptopu ni kupoteza hela, niunge ya kwangu kipande kwa kipande, nikimtumia hela kwenye simu yeye anazunguka Kariakoo ananunua vyote anaweka kwenye basi. Orodha yake hii hapa: prosesa Ryzen 5 5600 laki tatu na ishirini, mazabodi (bodi kuu inayobeba vipande vyote) B450 ya mtumba laki na themanini, RAM ya 8 kijiti kimoja laki na kumi, grafiki kadi (ya kushughulikia picha) RX 580 ya mtumba laki mbili na sitini, hadi diski ya 1TB ya mtumba elfu sitini, kesi ya kioo pamoja na power saplai ya wati 600 ndani yake laki na hamsini, feni za taa elfu sitini, na elfu sitini ya usafiri na kuzunguka. Jumla milioni moja na laki mbili kamili. Skrini anasema nitachomeka kwenye TV ya nyumbani.

Nimeangalia video za YouTube mpaka kichwa kinauma, huyu anasema hivi yule anasema vile, nikilala naota mazabodi. Na kuna jambo sijamwambia mtu. Nimeshapokea advansi ya harusi mbili, zote kabla ya mwezi mtukufu, ya kwanza imebaki wiki tano, laki na nusu nimeshaila (nililipa kodi ya chumba). Wale wateja nilikutana nao studio. Bosi hajui, mama anajua nitaanza taratibu.

Nikimsikiliza mjomba naogopa nitabaki na kilaptopu kinachokwama, nikimsikiliza binamu naogopa mzigo ukifika hauwaki nitasema nini kwa mama. Nifanyeje shangazi?

Binti wa Mkuti

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza niliishia kwa mama anavyojisogeza chini ya mikorosho nikashindwa kuendelea, ikabidi ninywe chai kwanza.

Ngoja niseme nilivyokuelewa, kama nimekosea utanirekebisha. Una hela ya mama, ni nyingi kwenu lakini kwa kompyuta ya video ni ya kubana. Una wanaume wawili wenye majibu tayari. Una wiki tano. Na una siri. Umeuliza laptopu au ya kuunga, ila mi naona ndani yake kuna maswali matatu yamefungwa kwenye kanga moja, tuyafungue taratibu, na tuanze na la vyuma kwa sababu ndo jepesi.

Kitu cha kwanza binamu yako hajakuuliza unafanya kazi gani. Yeye kaandika orodha ya mtu wa magemu, ni nzuri kwa magemu, simlaumu, kila mtu anapika anachokula. Wewe hujasema unatumia programu gani studio. Kama ni DaVinci Resolve hiyo inategemea sana grafiki kadi. Kama ni Premiere na video za kamera za kawaida basi kuna jambo watu wengi hawalijui: prosesa za Intel zenye grafiki ya ndani zina sehemu maalumu ya kufungua na kuandika zile video, na Premiere inajua kuitumia. Ndo maana Core i3-12100 au i5-12400 ya kawaida inaweza kukubebea harusi bila kadi ya pembeni kabisa. Ila angalia herufi ya mwisho, ikiandikwa F, mfano i5-12400F, haina grafiki ya ndani, na muuzaji hatakwambia maana ndo ya bei rahisi.

Hiyo Ryzen 5 5600 nayo ni hivyohivyo, haina grafiki ndani. Maana yake siku ile RX 580 ikifa, kompyuta itawaka, feni zitazunguka, taa zitameremeta, na kwenye skrini hutaona kitu. Ndugu yake 5600G inayo ya ndani, nguvu zake za kawaida tu lakini kadi ikifa unafungua kazi unaendelea. Sasa hiyo RX 580 ilitoka 2017, na kadi nyingi za aina hiyo zilifungwa kwenye mashamba ya kuchimba Ethereum, sarafu ya mtandaoni, usiku na mchana mpaka Septemba 2022 uchimbaji wake uliposimamishwa, baada ya hapo zikamwagwa sokoni dunia nzima. Siyo kwamba zote ni mbovu, nyingine zikisafishwa na kupakwa grisi mpya zinadunda miaka. Ila ni kadi ya kununua ukiwa umesimama dukani unaiona inafanya kazi nusu saa nzima na feni zake zote mbili zinazunguka, siyo ya kuletewa na basi.

Cha pili nilichotafuta kwenye orodha nikakikosa ni SSD, diski ya kisasa yenye kasi. Yaani mtu anakuwekea prosesa ya laki tatu na ushee halafu Windows inakaa kwenye hadi diski ya mtumba, mwanangu hiyo ni kumvalisha bibi harusi gauni zuri na kandambili. SSD hata ya 256GB ibebe Windows, programu na kazi unayoiediti sasa hivi, hadi diski ibaki kuwa ghala. Na ghala la mtumba lisiwe na nakala pekee ya harusi ya mtu. Harusi haipigwi mara ya pili kwa sababu diski imekufa.

RAM ya 8 kwa video ni kidogo, utaona mwenyewe ukifungua kamera mbili kwa pamoja. Lengo ni 16, na iwe vijiti viwili vya 8, maana vikiwa viwili vinafanya kazi sambamba na grafiki ya ndani inaona tofauti kubwa sana. Shida ni kwamba tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda vibaya, viwanda vinapeleka memori kwenye data senta za AI, sisi wa Masasi tunagombania makombo. Kwa hiyo bei ya binamu ihakiki upya siku ya kununua, na usishangae.

Sasa hapa kwenye power saplai niruhusu nikae kidogo.

Mi nilikuwa na steshenari pale Lindi mjini, mashine nne. Ya kwanza kabisa niliiunga mwenyewe kwa mbwembwe, prosesa nzuri, nikabana hela kwenye power saplai nikachukua iliyokuja bure ndani ya kesi. Ilikuwa nyepesi ukiishika, ningejua. Jioni moja umeme ukakatika ukarudi na nguvu, pakasikika pah, harufu, na ilipoondoka haikuondoka peke yake, ikaenda na mazabodi na diski yenye mitihani ya shule mbili. Nilichapa upya wiki nzima. Ile namba 600 kwenye stika kila mtu anaweza kuichapisha, ndo biashara niliyokuwa nafanya, stika nilikuwa nachapisha mwenyewe! Power saplai ya maana ya wati 450 au 550, yenye jina linalojulikana na alama ya 80 Plus (ya kutopoteza umeme ovyo), inaweza kumeza karibu hiyo laki na hamsini ya kesi nzima, na hakuna mgeni atakayeiona. Kesi ya kioo ataiona. Feni za taa ataziona. Elfu sitini ya taa, mwanangu, ni zaidi ya nusu ya kijiti cha RAM.

Kwenye mashine ya kuunga kuna vitu unavyoweza kuviongeza baadaye bila kubomoa: RAM, SSD, grafiki kadi. Na kuna vitu ukikosea unabomoa nyumba nzima, yaani mazabodi na power saplai. Orodha ya binamu imebana kwenye msingi ikamwaga kwenye rangi. Hiyo mazabodi B450 si mbaya, ila ni ya kabla ya hizo prosesa za 5000, kama BIOS yake (programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine) haijasasishwa haitaitambua 5600, utaunga vizuri kabisa na isiwake, ukadhani umeharibu wewe. Aliyekuuzia aiwashe na prosesa hiyohiyo akurekodi video, hilo si ombi kubwa.

Halafu nimehesabu mara tatu kwenye hiyo jumla sijaona UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika. Kwa umeme wetu wa kusini hebu jiulize, deskitopu bila UPS ni kompyuta au ni bahati nasibu? Na ukiitafuta usidanganyike na namba ya VA, siyo sawa na wati, UPS ya 650VA mara nyingi haifiki hata wati 400, mashine yenye RX 580 ikiwa inarenda itaibana mpaka ipige kelele, yenye grafiki ya ndani tu itakaa nayo kwa raha. Inakupa dakika chache za kusevu na kuzima, haikupi usiku wa kazi.

Na hapo ndo mjomba anapoanza kuonekana siyo mjinga. Laptopu ina UPS yake tumboni, betri. Unaibeba ukumbini, unahamisha video za kamera papo hapo, unaonyesha mteja. Kwa hiyo kabla hujamkataa, tuangalie hiyo laptopu. Core i5 peke yake ni kama mtu kukwambia anauza pikipiki nyekundu. Omba namba yote. Ikianza na 5 au 6 au 7 na kuishia na U, mfano i5-6300U, hiyo ndani ina kori mbili tu (kori ni kama vichwa vya prosesa vinavyogawana kazi), na video itakukwamisha kama ulivyoota. Kuanzia kizazi cha nane, yaani inayoanza na 8 kama i5-8250U, nyingi zina kori nne au zaidi, hapo mazungumzo yanaanza. Na ya nane ndo kwa jumla Windows 11 inaanzia kuikubali rasmi, Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025. Uliza pia kama RAM inaongezeka au imegandishwa kwenye bodi, na betri inakaa saa ngapi, siyo ikiwa imewaka tu, ikiwa inarenda. Laptopu ndogo ikirenda muda mrefu inachemka halafu inajipunguza mwendo yenyewe, na joto letu la Novemba unalijua.

Kuna njia ya tatu ambayo hakuna aliyeitaja, sijui kwa nini, labda kwa sababu haina mbwembwe. Mashine za ofisi za mtumba, Dell OptiPlex, HP EliteDesk. Yenye i5-8500 ina kori sita, grafiki ya ndani, RAM iko tayari ndani, na sasa hivi RAM ilivyo ghali hiyo peke yake ni nafuu kubwa. Unaongeza SSD kama haina na UPS, unaanza kazi. Kasoro zake nazo ziseme: power saplai na mazabodi zake nyingi zina plagi za kwao wenyewe, huwezi kubadilisha na ya dukani hivihivi, na zile nyembamba zinachukua grafiki kadi fupi tu isiyodai waya wake, kama GTX 1650 fupi. Ile ya tawa kubwa ina nafasi zaidi. Ukienda njia hii utakuwa hujaunga chochote, na kama moyoni unatamani kujua kuunga, hilo nalo lina thamani yake. Fundi wa video anayejua kufungua mashine yake hapigwi na mafundi wengine.

Basi tuje kwa watu.

Umeandika kama vile mjomba anapinga. Mi nimesoma nikamwona mtu anayejua dada yake msimu ujao anahitaji dawa na watu wa kupalilia, na mgongo haumruhusu. Laki nne na nusu anayotaka irudi siyo ya mfukoni kwake. Umewahi kukaa naye ukamwonyesha video moja inachukua saa ngapi na unalipwa shilingi ngapi? Labda atabaki na msimamo wake, wajomba ndivyo walivyo, lakini kwa sasa anapima kompyuta kama anavyopima redio, inawaka haiwaki. Na mama aliyenyamaza, ukimya wake umeusoma kuwa ni nini? Alifunga mlango kukupa hela. Mtu anayefunga mlango ana sababu, muulize yeye, usiulize mimi.

Binamu naye simtilii shaka ya wizi, ila kutuma hela yote kwa mkupuo kunamweka hata yeye pabaya. Kipande kimoja kikifika kibovu, lawama ni ya nani? Mwenye duka, binamu, kondakta au wewe uliyekibana vibaya? Kuna watu wanatuma kwa awamu na kudai picha ya risiti yenye namba ya kifaa. Wengine wanamwambia muuzaji aunge palepale Kariakoo, aiwashe, ndipo ifungwe, na grafiki kadi ichomolewe isafiri peke yake ndani ya nguo maana kwa barabara yetu hii ikibaki imening'inia inavunja mdomo wa mazabodi. Wengine wanapanda basi wenyewe, siku moja ya kwenda na moja ya kurudi, nauli inauma lakini macho yao yanaona. Na mvua zikianza usisahau 2024 barabara ilivyokatika kule Somanga, mizigo ilikaa njiani. Wiki tano siyo nyingi.

Nimefika kwenye wiki tano. Hii ndo sehemu ya barua uliyoiandika haraka kuliko zote, mistari michache, na mi naona ndo inayokunyima usingizi, siyo mazabodi. Hao wateja wa harusi mbili, mlikutana studio wakiwa wamemfuata bosi au wamekufuata wewe? Sijui, na majibu mawili yanatofautiana. Ukiendelea kimya, harusi inaweza kuisha salama na usijulikane, na pia Masasi siyo kubwa kihivyo, DJ ni yuleyule na MC ni yuleyule. Ukimwambia, anaweza kukufukuza siku hiyohiyo kabla hujawa na mashine, hofu yako ina msingi. Anaweza pia kukwambia lete kazi hapa tugawane, ukapata pa kurendia hiyo harusi ya kwanza bila kununua kitu kwa presha. Wewe ndo unamjua akiwa na njaa na akiwa ameshiba.

Na kama mashine isingekuwepo kabisa siku ya harusi, ungefanyaje? Kuna mtu mwenye mashine unaweza kumkodi siku mbili? Nauliza kwa sababu mtu mwenye pa kurendia anachagua vipande kwa utulivu, asiye na pa kurendia anachukua kilichopo. Advansi uliyokula nayo iandike kwenye daftari kama deni, ipunguze kwenye hesabu zako, maana hata hiyo milioni na laki tatu ukiitazama vizuri ina mdomo wa laki na nusu unaoingoja.

Ukipata muda nitumie namba kamili ya ile i5 ya mjomba na jina la programu unayoeditia, nitakuandikia tena kwa kirefu. Kuhusu kuchomeka kwenye TV, inawezekana, waya wa HDMI tu, ingawa rangi za TV zinadanganya na maandishi yatakuumiza macho ukikaa karibu. Ila kabla hujaiingiza kwenye hesabu, muulize mama tamthilia yake inaanza saa ngapi.